Pangani: Mji wa Mtoni na Masalio Yake

Miji ya Mrima karibu yote imeuelekeza uso wake baharini. Pangani sivyo. Mji huu umesimama ukingoni mwa mto, upande wa kaskazini, mahali mto unapofunguka na kuyatoa maji yake, nao huitazama Bweni iliyo ng'ambo, chini ya kilima. Atakaye kujua habari zake za kale ni heri aanze na mto, asianze na nyumba. Maana nyumba zilijengwa na watu wa namna nyingi na kwa nyakati mbalimbali, Waarabu, Wahindi, Wadachi, lakini wote waliletwa hapa na njia ile moja ya maji.

Mto wenyewe chimbuko lake ni milima ya Kilimanjaro na Meru, nao hupita kandokando ya Upare na Usambara kabla ya kufika nchi ya Wazigua na Wabondei. Huko juu huitwa Ruvu, na Wazigua kwa kinywa chao husema Luvu. Jina hilohilo twalikuta tena katika mto ulio karibu na Bagamoyo. Watu wa pwani ndio walioupa mto jina la mji wao. Tena mto huu si mwepesi kwa vyombo. Mlangoni pana fungu la mchanga linalozuia merikebu kubwa, na majahazi hungoja maji yajae ndipo yaingie. Na juu, ukiisha kuvuka mashamba ya minazi na misitu ya mikoko, mto waanza kuwa na mawe, hata ukafika kwenye maporomoko ya Hale. Kwa hiyo mto haukuwa njia ya kupandia bara kwa chombo. Ulikuwa bandari iliyojificha, na bonde lake lilikuwa njia ya miguu.

Wako wataalamu waliosema kwamba Rhapta, soko lile lililotajwa katika kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus, ambacho kiliandikwa yapata miaka 1900 iliyopita, lilikuwa hapa mlangoni mwa Pangani. Wengine walilipeleka kusini, kwenye delta ya Rufiji. Jina hilo lina asili ya vyombo vya kushonwa kwa kamba, kama mitepe ya babu zetu. Hatutakaa sana juu ya jambo hili, kwa kuwa wanaoshindana hawajapata jengo wala kaburi la kuonyesha. Lililo wazi ni kwamba kabla ya mji wa sasa palikuwa na mji mwingine upande wa kaskazini, Muhembo, na magofu ya msikiti wake wa mawe yapo.

Mji tunaoujua sisi ulikua katika karne ya 19, na kilichoukuza ni pembe za ndovu. Misafara ilitoka Pangani ikafuata bonde la mto mpaka Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Krapf, mmisionari wa C.M.S., alishukia hapa mwaka 1852 akienda kwa Kimweri, mfalme wa Usambara. Burton na Speke walifuata njia hiyohiyo mwaka 1857 mpaka Vuga, kabla hawajaanza safari yao kubwa ya Tanganyika. Mwaka 1887 Count Teleki na mwenziwe von Höhnel waliondoka Pangani na msafara mkubwa, nao ndio Wazungu wa kwanza waliolifikia ziwa la Turkana, wakalipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria. Vitabu vyawataja hao kwa majina. Wapagazi na viongozi waliowapeleka, ambao wengine walikwisha kuizoea njia hiyo kabla Mzungu hajaiona, hawatajwi ila kwa hesabu ya vichwa.

Biashara hiyo imeacha alama katika lugha yetu kuliko ilivyoacha katika ardhi. Nguo iliyopelekwa bara iliitwa merikani, kwa sababu ilikuja na merikebu za Wamarekani, nyingi zikitoka mji wa Salem. Na neno hilo latumika kwa nguo ya pamba isiyotiwa rangi, hata kama imefumwa kwingine kabisa. Tena liko neno hongo. Zamani hongo ilikuwa ada iliyo halali: msafara ulipopita katika nchi ya mtu mkuu, ulimpa nguo au shanga au masango, naye aliwapa ruhusa na amani. Hakuna aliyeona haya kuitoa wala kuipokea, ijapokuwa walibishana sana juu ya kiasi chake. Leo hongo ni rushwa. Mwalimu anayefundisha neno hili bila kueleza asili yake atawafanya wanafunzi wadhani kwamba wakuu wote wa kale walikuwa wala rushwa, nao walikuwa wakitoza ushuru wa nchi yao kama forodha yoyote itozavyo.

Ni nani aliyeutawala mji? Hapa pana jambo ambalo wageni wengi hawakulifahamu. Sultani wa Unguja alikuwa na liwali wake na askari wachache, na juu ya mto alikuwa na kituo cha ulinzi huko Chogwe. Na ushuru wa forodha ulikodishwa kwa matajiri wa Kihindi. Lakini wenyewe wa mji walikuwa majumbe, watu wa asili waliojiita Washirazi, nao walikuwa na heshima zao ambazo liwali hakuweza kuzigusa. Cheo cha ujumbe hakikupatikana bure. Mtu alitoa ada, akafanya karamu, akalisha mji, akachinja ng'ombe, ndipo akakubaliwa kuvaa kilemba cha cheo chake. Desturi hizi zimeandikwa vizuri katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, alichokitoa Velten mwaka 1903, ambacho sehemu yake kubwa ilitungwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Na mambo ya Bagamoyo na Pangani katika habari hii hayakuachana sana. Karamu ilikuwa ndiyo siasa ya mji. Aliyeweza kulisha watu alikuwa na watu, na asiyeweza, hata akiwa na nasaba njema, sauti yake ilididimia. Basi tazama ilivyokuwa shida fedha ilipozidi: Mwarabu mwenye shamba, Mhindi mwenye kukopesha, hata mpagazi aliyerudi bara na pembe mbili tatu, kila mmoja alitaka kulisha watu na kuitwa bwana.

Na fedha ilizidi kwa sababu ya miwa. Bonde la mto, kwa maili kadhaa juu ya mji, lina udongo mweusi unaojaa maji, nao wafaa kwa miwa. Tangu miaka ya 1860 Waarabu walilima mashamba makubwa humo, wakaweka vinu, wakapika sukari guru na asali ya miwa, wakaipeleka Unguja na Uarabuni. Kazi hii haifanani na kazi ya minazi. Mnazi hungoja, ukiangua leo au wiki ijayo, nazi ni ileile. Muwa ukikatwa haungoji. Lazima ushindiliwe upesi na maji yake yapikwe upesi, ama sivyo utamu wake wapotea. Kwa hiyo mashamba yalitaka watumwa wengi, tena yaliwataka usiku na mchana wakati wa mavuno.

Hapo ndipo desturi ya Mrima ilipovunjwa. Mtumwa wa shamba katika pwani yetu alikuwa na haki zake, ijapokuwa ni haki za mtu asiye huru. Kwa desturi alifanya kazi ya bwana wake siku tano, na Alhamisi na Ijumaa zilikuwa zake. Alikuwa na kijishamba chake, aliuza mavuno yake, aliweza kuoa na kujenga. Wako waliokwenda na misafara, wakafanya biashara kwa fedha ya bwana na kugawana naye faida. Wenye mashamba ya sukari walitaka kuyaondoa hayo yote. Walitaka mtumwa awe mkono tu. Mwaka 1873 watumwa wa mashamba ya Pangani waliasi, wakatoroka wengi pamoja, na watoro hao wakajijengea mji wao Makorora, nao mabwana zao hawakuweza kuwarudisha.

Wengine walikaa mjini kwa njia ya kibarua. Neno hili twalisema kila siku bila kufikiri. Kibarua ni barua ndogo, cheti alichopewa mtumwa aliyekodishwa kwa kazi ya kutwa, ili kiwe ushahidi wa ujira wake. Na sehemu ya ujira huo alimpelekea bwana wake, sehemu akala mwenyewe. Kisha jina la karatasi likawa jina la kazi, na jina la kazi likawa jina la mtu. Leo mtu huru kabisa, mwenye watoto shuleni, akisema ninakwenda kibaruani, amechukua kinywani mwake cheti cha mtumwa wa mjini. Hatusemi neno hilo liachwe. Maneno hayana hatia. Lakini walimu wa lugha wasiogope kuwaambia wanafunzi lilikotoka.

Mwaka huohuo wa 1873 Sultani Barghash alilazimishwa na Waingereza kufunga biashara ya watumwa baharini, na mwaka 1876 akakataza misafara ya watumwa kufika pwani. Mtu angedhani kwamba Pangani ingepungukiwa. Haikuwa hivyo. Mashua ndogo zilitoka mtoni usiku zikavuka mpaka Pemba, ambako wenye mikarafuu walihitaji watu, na ule mlango wa mchanga uliokuwa shida kwa merikebu ulikuwa ngao kwa mashua, kwani manowari ya Kiingereza haikuweza kuingia. Kabla ya hapo, katika njaa kuu ya miaka ya 1830, Wazigua wengi walichukuliwa kutoka pwani hizi mpaka nchi ya Wasomali. Wazee wao husimulia kwamba walidanganywa kwa ahadi ya chakula na kazi. Wajukuu wao waliishi kando ya mto Juba, wakahifadhi Kizigua chao kwa zaidi ya miaka 150, na vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991 baadhi yao walikimbilia Tanzania na kupewa makao huko Chogo, katika Handeni, nao wakaweza kusemezana na wenyeji wao. Mtu atafutaye urithi wa Pangani na aikumbuke lugha hiyo, ingawa haina mlango wa nakshi wa kupigwa picha.

Sasa twafika mwaka 1888, ambao ndio uliolitia jina la Pangani katika vitabu vya ulimwengu. Barghash alikufa mwezi wa Machi. Mwezi wa Aprili ndugu yake, Sultani Khalifa, alitia sahihi mkataba wa kuikodisha pwani yote ya Mrima kwa kampuni ya Wadachi kwa miaka 50, kampuni itawale na kutoza ushuru kwa jina la Sultani. Katikati ya mwezi wa Agosti watumishi wa kampuni walishuka katika bandari kuu. Aliyeletwa Pangani alikuwa kijana mwanajeshi, Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo. Jina hilo latosha kueleza tabia yake.

Zelewski alitaka bendera ya kampuni ipandishwe na liwali awe chini ya amri yake. Liwali alikataa, kwa kuwa hakupata amri hiyo kwa bwana wake wa Unguja. Ndipo askari wa manowari wa Kidachi waliposhushwa mjini. Ilikuwa siku za Idi Kubwa, ambapo mji umejaa wageni kutoka bara, na Wadachi waliingia mpaka msikitini wakimtafuta liwali. Bendera ya Sultani ilishushwa kwa nguvu. Sisi tuliolelewa katika shule za misheni tusilipime jambo hili kwa mizani nyepesi. Na aulizwe padre yeyote moyo wake ungekuwaje kama askari wenye bunduki wangeingia kanisani mwake asubuhi ya Pasaka kumtafuta mtu.

Manowari ilipoondoka, mji uliinuka. Watumishi wa kampuni walifungiwa katika nyumba yao, na Sultani akamtuma Jenerali Mathews, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa jeshi lake, aje kuwaokoa. Mathews aliwatoa Wadachi wakiwa hai. Kisha yeye mwenyewe alitishwa na watu, akalazimika kuondoka. Na hapo ilionekana kwamba watu hawakumkasirikia Mdachi peke yake, walimkasirikia na Sultani aliyewauza.

Ni akina nani watu hao? Serikali ya Wadachi iliviita vita hivi maasi ya Waarabu, na jina hilo lilikuwa na kazi yake. Bismarck alitaka fedha kwa baraza lake la Berlin, na njia nyepesi ya kuipata ilikuwa kusema kwamba Waarabu wanapigania biashara ya watumwa. Sisi huviita vita vya Bushiri. Majina yote mawili yapungukiwa. Waliojaa njiani Pangani siku zile walikuwa zaidi watu wa bara waliokuja mjini, Wazigua na Wabondei, na wapagazi, na watumwa na watoro wa mashamba, na majumbe waliokuwa wamechoka kusukumwa kando. Matajiri wengi wa Kiarabu walijificha majumbani mwao, wakiogopa watu hao kama walivyoogopwa na Wadachi. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995, amelieleza jambo hili kwa urefu, akionyesha jinsi ugomvi wa karamu na heshima uliokuwa ukichemka ndani ya mji kwa miaka 30 ulivyopasuka siku ile. Nasi twaona amesema kweli. Mji hauwaki moto kwa siku moja bila ya kuni kuwako tangu zamani.

Bushiri bin Salim alikuwa Mwarabu wa ukoo wa Harthi, mwenye shamba la miwa juu ya mto, naye hakuupenda ukoo wa masultani wa Unguja tangu awali. Hakuwasha moto, aliukuta unawaka, akaushika. Alikuwa hodari, mwenye maneno mazuri na subira ya vita, tena mkali kupita kiasi alipotaka. Hans Meyer, ambaye mwaka uliofuata alifika kilele cha Kilimanjaro, na mwenziwe Oscar Baumann walikamatwa walipokuwa wakirudi kutoka Usambara, wakafungwa minyororo, wakaachwa kwa fidia kubwa. Lakini Askofu Smythies wa Universities' Mission, alipofika Pangani mwishoni mwa mwaka 1888 akitaka kwenda kwa watu wake Magila, na umati ukamzunguka ukitaka kumwua kwa kuwa ni Mzungu, aliyemlinda na kumpa njia ni Bushiri huyohuyo. Wamisionari wengine hawakupata bahati hiyo. Huko Pugu mwezi wa Januari 1889 Wabenediktini waliuawa na kituo chao kikachomwa. Habari hizi za namna mbili ziwekwe pamoja. Akitaja mtu moja na kuficha ya pili, ataka kufanya wakili, hataki kufanya mwalimu.

Wadachi walimleta Hermann von Wissmann na askari wa kukodiwa, Wasudani walioandikwa Misri na watu wa Msumbiji walioitwa Wazulu. Pangani ilipigwa kwa mizinga ya manowari na kutwaliwa mwezi wa Julai 1889. Bushiri alikimbia bara, akapigana huku na huku, hata akakamatwa katika Uzigua na kutolewa kwa Wadachi. Alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri wa Saadani alisimama mpaka mwaka 1890, kisha akafanya amani. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliitunga vita hii katika utenzi mrefu, Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, ambao baadaye ulichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, na mwenye kusoma Kiswahili hana udhuru wa kuijua vita hii kwa vitabu vya Wazungu peke yake. Na Zelewski? Nyundo alirudi akiwa mkuu wa jeshi, akaenda kuwapiga Wahehe, na huko Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Mkwawa alimmaliza pamoja na sehemu kubwa ya jeshi lake. Ilikuwa miaka mitatu karibu kamili tangu Idi ile ya Pangani.

Baada ya vita mji ulikaa kimya, nao haukupata tena nguvu zake. Sababu si mizinga. Sababu ni reli. Mwaka 1893 Wadachi walianza kujenga njia ya reli kutoka Tanga, nayo ilipanda polepole, ikasimama miaka kwa sababu ya fedha, hata mwaka 1911 ikafika Moshi. Reli ile ilifuata bonde lilelile lililofuatwa na misafara, lakini mlango wake ulikuwa Tanga, wenye bandari ya maji mengi na isiyo na fungu la mchanga. Pembe, ngozi, kahawa, vyote vikapita Tanga. Pangani ikabaki na nazi na mkonge.

Habari ya mkonge ni ya ajabu kidogo. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, nayo ilisafirishwa kwa njia ya Hamburg, na iliyofika hai Tanga ilikuwa 62 tu. Hiyo 62 ilipandwa Kikogwe, kusini ya mlango wa Pangani. Kutoka kwa miche hiyo nchi nzima ilijaa mkonge, na katika miaka ya katikati ya karne ya 20 Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa zao hilo. Watumwa walikuwa wakipewa uhuru kidogo kidogo. Wadachi waliamuru kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya mwaka 1905 awe huru, na sheria ya Waingereza ya mwaka 1922 ikaukomesha utumwa wote. Kisha mashamba yakataka mikono mingine, na lugha ikapata maneno mengine mawili. Kipande ni kadi ya siku 30 za kazi, ambazo mfanyakazi alitimiza moja moja ndipo apate mshahara wake. Manamba ni wale walioletwa kutoka mbali, Uha, Unyamwezi, Ungoni, nchi ya Wamakonde, kila mmoja na namba yake. Kibarua, kipande, manamba: cheti, kadi, tarakimu. Watu wa bonde hili wamekuwa wakiitwa kwa majina ya karatasi zao kwa muda wa vizazi vitatu.

Ndani ya mji Wadachi waliacha boma na nyumba ya forodha, na Waingereza, walioshika mji mwaka 1916, walizitumia hizohizo bila kuongeza kitu cha kutajwa. Shaaban Robert alianza utumishi wake katika idara ya forodha mwaka 1926, na Pangani ni moja ya bandari alizozitumikia. Nasi twapenda kufikiri kwamba dawati la forodha katika mji usio na merikebu nyingi halikuwa mahali pabaya kwa kijana wa kutunga mashairi. Kando ya mto na katika njia ya maduka ya Wahindi zipo nyumba za ghorofa za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye boriti za mikoko, baraza mbele, na milango ya nakshi. Nyingi zimebomoka. Chumvi hula chokaa, mvua hula boriti, na warithi wa nyumba moja waweza kuwa Tanga, Muscat, na Toronto, wasipatane juu ya nani atengeneze paa.

Juu ya boma la zamani watu husimulia kwamba lilipojengwa na Waarabu, watumwa walizikwa hai chini ya nguzo ili jengo liwe imara. Msimuliaji mmoja atakuonyesha nguzo, mwingine atakuonyesha ukuta. Masimulizi ya namna hii yako katika miji mingi ya dunia, na mwenye kuijua pwani atayasikia juu ya majumba mengine ya mawe. Hatuyachukui kuwa ni ushahidi wa mahakamani. Lakini twayachukua kuwa ni ushahidi wa namna nyingine: mjukuu wa mtumwa aliyebeba mawe yale hakuachiwa kibao chenye jina lake, akaliweka jina lake chini ya nguzo kwa njia ya hadithi, nalo limekaa humo mpaka leo. Wanaopanga kulitengeneza boma wasiifute hadithi hii kwa kuwa ni ya kutisha wageni, wala wasiifanye biashara ya kuwatisha. Waandike ukutani mambo yaliyo hakika, yaani kwamba mawe haya yalibebwa na watu wasiolipwa, na wawaache wazee waseme yaliyobaki.

Mto nao umebadilika. Maji yake yamezuiwa huko juu kwa ajili ya umeme na kilimo, katika Nyumba ya Mungu, Hale na maporomoko ya Pangani, na maji yakipungua bahari hupanda ndani, chumvi ikaingia katika mashamba ambayo zamani yalikuwa ya miwa. Mawimbi yamekuwa yakila ufuko wa mji, hata serikali ikajenga ukuta wa bahari katika karne hii. Na kwa miaka mingi kuvuka kwenda Bweni kulikuwa kwa ngalawa na kwa pantoni, ambapo wachuuzi, walimu, wagonjwa na mbuzi walingojeana ukingoni mpaka maji yakubali. Kisha ulianza ujenzi wa daraja lenye urefu wa zaidi ya mita 500, katika barabara kuu itokayo Bagamoyo kupitia Saadani mpaka Tanga. Kwa barabara hiyo Pangani yapata tena njia iliyopotezwa mwaka 1911. Malori yatakayopita juu ya mto hayatahitaji kusimama mjini, kama vile reli haikuhitaji. Ila walimu wa Bweni wataweza kuwaleta watoto kulitazama boma na kurudi nao siku ileile, bila kuuliza habari za maji.